Maili za Baba Imani

Naomba nianze na ushamba wangu, ili tusije tukadanganyana huko mbele. Mara ya kwanza nilipokaa daraja la kwanza kwenye ndege, nilikaa dakika nzima nimekumbatia mkoba wangu mapajani kama mtu aliyepanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mhudumu akaja, akachuchumaa ili macho yetu yawe sawa, akaniita kwa jina langu, akauliza kama ningependa kahawa ya Kiarabu na tende. Nikasema ndiyo. Halafu nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama tende zinalipiwa. Akacheka bila kunicheka. Nadhani wanafundishwa.

Kiti chenyewe usikiite kiti. Ni chumba. Kina mlango unaojifunga kwa kitufe, meza, taa, kioo cha kujipodolea, kikapu cha vitafunio, televisheni inayoishinda ya sebuleni kwa mama yangu, na kinanyooka hadi kuwa kitanda. Vyumba hivyo vilikuwa vinane tu kwenye ndege nzima. Usiku ule wa Aprili 2025, kutoka Dubai kwenda Mahé, Shelisheli, abiria wa daraja lile tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na mzee mmoja wa Kizungu aliyevaa pajama zake kabla hata ndege haijaondoka, akafunga mlango, tusimwone tena.

Watu watatu, vyumba vinane. Yaani kimya ambacho unasikia hadi saa yako ya mkononi. Mpenzi msomaji, kama umewahi kupanga chumba Sinza karibu na baa, unajua kimya cha namna hiyo kina bei. Mimi bei yake niliijua nikiwa angani, na haikuwa ya dola.

BABA ANAKAA EAPOTI

Mshahara wa mhariri wa jarida haukupeleki daraja la kwanza, hilo tusizungushane. Baba Imani naye si tajiri. Ni fundi, tena wa kusomea, wa mashine za hospitali: eksirei, ultrasaundi, zile za kupimia damu. Kampuni yake ina makao Dubai, na tangu mwaka 2016 kazi yake kubwa ni kupanda ndege. Anaitwa Dubai kwa mafunzo, anatumwa Lusaka kufunga mashine, Entebbe kutengeneza iliyokufa, Accra kufundisha mafundi wenzake, anarudi Dubai kutoa ripoti, ndipo anakuja Dar kubadilisha nguo.

Sasa, mashirika mengi ya ndege yana mpango wa kuwazawadia wasafiri wa mara kwa mara. Pointi zake wanaziita maili. Unafungua akaunti bure, unapewa namba, na kila ukisafiri unahesabiwa kufuatana na umbali, daraja ulilokaa na aina ya tiketi. Raha yake ni kwamba tiketi anaweza kulipa mwajiri wako, lakini maili zinaingia kwako. Zikifika kiasi fulani unapata tiketi ya bure, au unapandishwa daraja la juu. Karaha yake ni kwamba nyingi zina muda. Usipozitumia, zinakufa.

Mume wangu alikusanya maili kama wengine wanavyokusanya vikombe vya kabatini. Nikimwambia azitumie, jibu lake lilikuwa moja: "Zipo. Siku ya siku tutazitumia."

Tulioana Jumamosi, tarehe 25 Aprili 2015. Mwanzoni mwa 2025 akanipigia kutoka nchi gani sijui, akasema, "Mama Imani, omba likizo. Miaka kumi hatutaisherehekea kwa kuku wa Mikocheni." Akanitajia ndege, lile shirika la wahudumu wenye kofia nyekundu, akanitajia kisiwa, akanitajia daraja. Nikapiga kelele ofisini.

Mashosti wangu wakapiga vigelegele. "Shosti, wewe ndio umeolewa! Sisi wengine tunasindikiza." Nikacheka nao. Sikuwaambia kwamba mwezi uleule jirani alimuuliza mwanangu, ana miaka sita, baba yake anakaa wapi. Imani akajibu palepale, bila kufikiri: "Baba anakaa eapoti." Wala hakuwa anatania.

Na sikuwaambia kwamba mimi, ninayehariri kurasa za mapenzi na ndoa, ninayenyoosha makala za "zungumzeni" na "msilale na hasira", nilikuwa na miezi sijazungumza na mume wangu. Kuzungumza kwa maana ya kuzungumza. Kugombana hatukuwa tunagombana. Mtu anayekuwepo siku nane kwa mwezi utagombana naye saa ngapi? Tulikuwa tunapeana taarifa. Ada imelipwa. Luku imeisha. Fundi bomba kaja. Usiku mwema. Na nyingi ya taarifa hizo zilikuwa za maandishi.

Basi tukamwacha Imani kwa bibi yake Kimara, tukaondoka. Kutoka Dar hadi Mahé, ukinyoosha mstari juu ya Bahari ya Hindi, ni kama kilomita 1,800. Sisi tulipanda kwanza kaskazini hadi Dubai, karibu kilomita 4,000, halafu tukashuka tena kusini nyingine kama 3,300, kwa sababu huko ndiko maili zake zilikokubalika. Ni sawa na kutoka Kinondoni kwenda Magomeni kupitia Chalinze. Na pamoja na wingi wake, zilitosha viti viwili kwa kipande kimoja tu cha safari, kile cha Dubai hadi kisiwani. Kwingine kote tulikaa nyuma, magoti yakigusa kiti cha mbele, kama watu wote.

Pale Dubai tulisubiri kwenye sebule ya abiria wa daraja la kwanza, pana kama ukumbi wa harusi, vyakula vya kila aina na watu wachache waliokaa mbalimbali. Nilidhani mwenzangu ataniongoza. Kumbe naye mgeni. Kampuni humsafirisha daraja la kawaida. Miaka tisa amepita mbele ya mlango ule akikimbilia geti. Nilimwona anagusa kitambaa cha kochi kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepima joto la mtoto.

UKUTA

Viti vyetu vilikuwa viwili vya katikati, vinavyopakana. Kati yao kuna ukuta unaopanda na kushuka kwa kitufe. Tulipoingia ulikuwa umepanda. Mimi nikadhani ndivyo ulivyojengwa. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alidhani nimeupandisha mimi.

Tuliruka kama saa nane na nusu za usiku. Taa zikazimwa, darini zikawaka taa ndogondogo kama nyota. Daraja lile hakuna kigari cha chakula kinachokugonga kiwiko. Unaagiza ukitaka, kama hotelini, na meza inatandikwa kitambaa cheupe. Nikajikaza nikaagiza yale mayai meusi ya samaki ambayo huwa tunayaona kwenye filamu, nikaletewa na kijiko chake maalumu kisicho cha chuma, maana chuma kinasemekana kuharibu ladha. Kwa watakaoniuliza: ni ya chumvichumvi, yanapasuka mdomoni, na ningeyabadilisha kwa kibua cha kukaanga bila kujuta.

Upande wa pili wa ukuta nikasikia kijiko cha mume wangu kikigonga sahani.

Mimi nina shahada ya mawasiliano. Mwaka wa kwanza chuoni tulichorewa ubaoni ule mchoro wa Shannon na Weaver: huku mtoa ujumbe, huku mpokeaji, katikati njia, na juu ya njia mshale ulioandikwa KELELE. Kelele ndiyo inayoharibu ujumbe, tukafundishwa. Ipunguze, ujumbe utafika. Miaka yote hii ndicho kisingizio nilichokuwa nacho. Mtoto analia, mtandao unakatika, foleni ya Barabara ya Morogoro, wageni wa nyumbani, kazi. Tutaongea kukitulia, nikawa najiambia.

Sasa niko kilomita kumi hivi juu ya bahari. Hakuna mtoto, hakuna foleni, hakuna hata jirani wa kukohoa. Kumetulia. Na sina la kusema.

Abiria wa kule mbele wana intaneti ya bure. Nikachukua simu, nikafanya nilichozoea. Nikamwandikia WhatsApp.

"Umelala?"

Alikuwa umbali wa mkono. Zikaja tiki mbili, zikageuka bluu.

"Hapana. Wewe?"

"Hapana."

"Chakula kizuri?"

"Kizuri sana. Asante Baba Imani."

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Halafu ukaingia ujumbe:

"Wamenipa ukuu wa kanda. Wanataka jibu Jumatatu."

Niliusoma mara tatu. Sikuhitaji kuuliza ukuu wa kanda ni nini. Aliyekuwa na kazi ile kabla yake alihamia Dubai, mkewe akabaki Nairobi na watoto, na habari zao tuliwahi kuzizungumza mezani kwetu kwa masikitiko, kama watu wanaozungumzia ajali ya wengine.

Nikabonyeza kitufe cha kumwita mhudumu. Akaja. Nikamwonyesha ukuta, nikamuuliza kama unashuka. Akabonyeza mahali. Ukashuka polepole, bila sauti, kama kioo cha gari, na nikamwona mume wangu: pajama za bure, simu mkononi, uso wa mtoto aliyevunja kikombe.

"Kumbe unashuka?" akasema. "Nilidhani umeupandisha wewe."

"Nilidhani wewe."

TUKAGOMBANA KWA KUNONG'ONA

Nikamuuliza kilichonikaa kooni. "Baba Imani, hii ni zawadi au ni hongo?"

Hakujibu haraka. "Nilitaka kwanza uone," akasema. "Ada ya mtoto. Nyumba ya Goba tuimalize. Nilitaka ukae hapa, ufurahi, halafu ndio nikuambie."

"Kwa hiyo ni hongo."

"Ni zote mbili, mke wangu."

Mpenzi msomaji, kugombana daraja la kwanza ni kazi ngumu. Huwezi kupaza sauti, kuna mzee amelala. Huwezi kuondoka ukabamiza mlango, maana mlango wenyewe ni wa kitufe, unajisogeza polepole kama unakudhihaki. Huwezi kwenda kulala chumba cha mtoto. Ikabidi tunong'one. Na jambo moja kuhusu kunong'ona, lazima umsogelee mtu. Tukajikuta tumeinama wote wawili juu ya ule ukuta ulioshuka, vichwa karibu vigusane, tunatupiana maneno makali kwa sauti ya watu wanaobembelezana.

Nikamwambia, "Unajua hivi viti vimelipwa na nini? Usiniambie maili. Vimelipwa na usiku ambao hukuwepo."

Nilitegemea atabisha. Akanyamaza, akafungua simu, akaanza kutafuta kitu. Kila mwezi shirika humtumia taarifa ya maili kwa barua pepe, safari kwa safari, tarehe kwa tarehe. Hakuwahi kufuta hata moja tangu 2016. Akaniwekea simu katikati yetu.

"Basi tuhesabu," akasema.

Februari 2019, Dubai kwenda Entebbe.

"Hapo Imani ana siku nne," nikasema. "Maziwa yalikataa kutoka. Nililia mpaka mama akanichukua mtoto, akanifungia chumbani nilale."

"Uliniambia mko salama."

"Ningekwambia nini, na wewe uko Uganda?"

Mwaka 2020, kuanzia mwishoni mwa Machi, miezi inafuatana haina kitu. Korona. Ndege zimelala, na yeye yuko nyumbani. Tulizitazama zile taarifa tupu kwa muda. "Hapo ndio nilijua Imani anapenda uji wa ulezi," akasema. "Na kwamba hataki ukoge kabla hajakuona umevaa kandambili." Nilikuwa nimesahau habari za kandambili. Nikacheka, na hasira ikanipotea kidogo, nikaitafuta tena.

Septemba 2021, Dubai kwenda Accra.

"Arobaini ya baba," nikasema. Alikuja kwenye mazishi, akaondoka siku ya tatu. Arobaini nilisimama na kaka zangu tu, na kila shangazi aliyefika aliuliza mkwe yuko wapi.

"Najua," akasema. "Suti niliyovaa msibani ilikuwa kwenye begi. Nilikaa nayo wiki nzima Accra. Sikuweza kuitoa."

Hilo sikuwa nalijua. Miaka minne nilikuwa na picha yangu kichwani ya yeye Accra, anakula hotelini, ametusahau. Suti haikuwemo kwenye picha ile.

Juni 2023, Lusaka kwenda Dubai. Hapo sikuwa na neno, ilikuwa wiki ya kawaida. Yeye ndiye aliyesema.

"Hapo nilitoka kuugua malaria. Siku tatu hotelini. Dada wa usafi ndiye aliyekuwa ananiletea maji."

"Hukuniambia!"

"Nilikuandikia niko salama."

Tuko salama. Niko salama. Miaka tisa tumeandikiana neno hilo, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na nusu ya mara hizo halikuwa kweli.

Hatukuimaliza orodha. Tulipofika 2024 nje kulikuwa kunapambazuka, mstari wa rangi ya machungwa juu ya maji. Sikumbuki nani alianza kulia. Nakumbuka mhudumu alileta taulo mbili za moto bila kuitwa, akaziweka, akaondoka bila kututazama. Hilo nalo nadhani wanafundishwa.

KISIWANI

Mahé inatokea ghafla. Milima ya kijani, majabali makubwa, halafu maji, maji, maji, mpaka unadhani rubani amekosea, ndipo matairi yanagusa lami. Uwanja umejengwa ukingoni kabisa mwa bahari, ukafunguliwa mwaka 1971. Kabla ya hapo watu walifika kwa meli, baadhi zikitokea Mombasa.

Mtu wa pwani hapotei kule. Magari yanakwenda kushoto kama kwetu, mihogo ipo, samaki wa kupaka nazi yupo. Lile tunda ambalo Tanga na Unguja tunaliita shelisheli, la kuchemsha au kukaanga, wao wanaliita friyapen, na husema mgeni akilila kisiwani kwao lazima atarudi. Baba Imani alikula sahani mbili za chipsi zake siku ya kwanza. Nikamwambia arudi na pesa zake, maili zimekwisha.

Lakini kisiwa hicho kina historia nyingine ambayo kwenye matangazo ya fungate haipo. Waingereza walikifanya gereza la wafalme. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko. Mwanga akafia hukohuko 1903. Kabalega alikaa zaidi ya miaka ishirini, akaruhusiwa kurudi 1923, akafariki njiani, Jinja, kabla hajafika kwake. Prempeh wa Asante naye alifungwa huko hadi 1924. Nilimsimulia Baba Imani haya jioni, tumekaa mchangani Beau Vallon, jua linazama kama kwenye kalenda. Akakaa kimya. Baadaye akasema, "Kumbe pazuri hivi, lakini mtu alikuwa anataka kwao tu."

Jumapili tulivuka kwa boti hadi kisiwa cha Praslin, mwendo wa kama saa moja, kuona Vallée de Mai, msitu ambao UNESCO iliutangaza Urithi wa Dunia mwaka 1983. Humo ndimo unamoota mnazi wa coco de mer. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani, inaweza kufika kilo 25, na tunda huchukua kama miaka sita au saba kukomaa. Mti dume ni mbali na mti jike mbali. Wenyeji wana hadithi kwamba usiku wa tufani madume hung'oka, yakatembea msituni kuwafuata majike.

"Unaona?" Baba Imani akaninong'oneza. "Hata mnazi una safari za kikazi."

"Mnazi unamfuata mkewe," nikamjibu.

Jumatatu asubuhi, kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, akaandika jibu. Alinisomea kabla ya kutuma, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Aliwashukuru. Akasema ukuu wa kanda hatauweza, anaomba abaki fundi, Tanzania na nchi jirani, safari isizidi moja kwa mwezi. Kama haiwezekani, wamwambie mapema.

Sikumwambia aandike hivyo. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba nimechoka kuwa salama.

KELELE

Kurudi tulirudi nyuma kabisa, safu ya karibu na choo. Viti vitatu: mimi katikati, yeye kwenye njia, na dirishani dada mmoja mwenye mtoto mchanga aliyeamua kuimba kutoka Dubai hadi tunaiona Dar. Nililala begani kwa mume wangu saa nne nzima, shingo ikanipinda siku mbili. Bega hilo usingelifikia kule mbele hata ukuta ungeshuka vipi. Viti vyenyewe ni vipana mno.

Ukidhani baada ya hapo ndoa ikawa asali, nitakuwa nimekudanganya. Kampuni ilichukua wiki tatu kujibu, na wiki hizo tulihesabu akiba kila usiku. Walikubali. Ila posho za safari, ambazo ndizo zilikuwa zinajenga Goba, zilibaki kama theluthi. Nyumba imesimama kwenye linta hadi leo. Gari tumeuza moja. Ukuu wa kanda alipewa kijana mwenzake, na kuna siku namkuta Baba Imani anatazama picha za kijana huyo mtandaoni, anateremsha polepole kwa kidole gumba, hasemi kitu. Namuuliza anawaza nini. Zamani angejibu "niko salama." Siku hizi wakati mwingine anasema, "Nawaza ningekuwa mimi." Inauma kuisikia. Namshukuru kwa kuisema.

Na kuishi na mtu kila siku si mchezo, jamani. Nilikuwa nimemsahau. Anaacha taulo bichi kitandani. Anasikiliza mpira redioni na kwenye televisheni kwa wakati mmoja. Tumegombana mwaka mmoja kuliko miaka tisa iliyotangulia, tena kwa sauti, majirani mashahidi.

Kwa wale ambao nyumbani kwao kuna maili zinazolala, ushauri wangu ni mfupi. Fungueni akaunti leo mkaone zinakufa lini, maana wengi huzikuta zimekwisha kuzikwa. Mkienda Shelisheli, viza hamhitaji, ila ombeni kibali cha kuingia mtandaoni kabla ya safari. Nendeni Aprili au Oktoba, kati ya kaskazi na kusi, bahari ikiwa imetulia. Mkibahatika kukaa mbele, ulizeni ukuta unashukaje kabla ndege haijaruka, msione aibu. Na kabla ya kukata tiketi, kaeni na ile taarifa ya safari mezani, muisome pamoja. Hiyo haihitaji ndege. Sisi tulitumia akiba ya miaka tisa kugundua jambo ambalo tungelifanya jikoni kwetu kwa chai ya rangi.

Akaunti ya Baba Imani sasa ina maili mia sita na kidogo. Haziwezi kumfikisha hata Zanzibar.

Juzi Jumapili nilikuwa nimekaa sebuleni na makala ya mtu, tarehe ya kiwandani imefika, kichwa kinauma. Imani na baba yake walikuwa jikoni wanabishana kama ulezi unawekwa kabla au baada ya maji kuchemka. Sufuria ikaanguka. Redio juu. Nikapiga ukelele kutoka nilipokaa: "Jamani, punguzeni kelele!"

Wakanyamaza wote wawili. Redio ikazimwa.

Nikakaa na kile kimya kama dakika moja hivi. Halafu nikawaambia waendelee.